Povu kwenye Kikombe cha Kuonjea

Mimi ni mwonjaji wa kahawa hapa Mbozi, tena mzee wa kanisa. Pombe nilikuwa sijawahi kuigusa. Juzi mnunuzi wetu Mwingereza akaniwekea mezani kikombe cha kitu cheusi chenye povu la kahawia. Nikajua ni sampuli. Nikalipasua povu, nikafyonza vijiko viwili kwa kelele kama kazi inavyotaka, nikatema kwenye ndoo.

“Imekaangwa mno,” nikatangaza kwa mbwembwe. “Halafu imepoa.”

Mwingereza alicheka hadi machozi. “Mzee, hiyo ni bia nyeusi ya kwetu!”

Nikageuka. Mchungaji wangu, aliyeleta kahawa yake kutoka Ihanda, alikuwa amesimama mlangoni. 

“Nimeona mwenyewe,” akasema. “Shetani kakuwekea pombe mdomoni, ukamtema!”

Afadhali hakukiona kijiko cha kwanza. Kile kilikuwa kitamu, nikakimeza.