Jezi ya Kipa Chini ya Kitanda cha Dobi

Mtaani wanamwita Pasi. Jina limetokana na pasi ya mkaa anayonyooshea nguo za watu, lakini vijana wa kijiweni husema ndiyo pasi pekee aliyowahi kutoa katika timu. Naye hucheka nao. Aliifulia timu ile miaka mingi. Kwangu mimi ni Baba Mkubwa, kaka yake baba, na yeye na mkewe ndio walionilea nilipoacha shule.

Jezi alipewa na kipa wa timu hiyo siku ya fainali. Mvua ilinyesha, kipa akapasuka juu ya jicho, akacheza hivyo hivyo na damu yake mpaka penalti, akapangua mbili. Walipoingia ndani aliivua, akaandika jina lake mgongoni kwa kalamu, akamrushia Baba Mkubwa.

"Hii usiifue, dobi. Hii siku moja itakulisha."

Hakuifua. Aliifunga kwenye mfuko, mfuko akautia ndani ya mfuko mwingine, akausukuma chini ya kitanda. Hakumfungulia mtu, hata mkewe.

Mama Mkubwa naye ni dobi, tena kwa madoa anampita mumewe. Kila akipitisha ufagio chini ya kitanda alikuwa anaguna. "Nyumba ya dobi kuweka nguo chafu miaka yote hii! Wateja wakisikia tutaficha wapi nyuso?"

"Hiyo si nguo, mama. Hilo ni shamba."

"Shamba lisilolimwa ni pori, mzee."

Basi wakawa wanataniana hivyo, mpaka uvimbe ulipomtokea Mama Mkubwa kooni. Daktari alisema asipopasuliwa mapema, njia ya chakula itaziba.

Baba Mkubwa akamwita Miwani, mwenye duka la medali na viatu vya wachezaji wa zamani. Miwani alichungulia mdomoni mwa mfuko, akaona tope na damu iliyokauka, akavuta pumzi kama mtu aliyesikia harufu ya mkate.

"Nikinunua leo, itatosha upasuaji, kwa kubanabana," alisema. "Ila nakushauri kama mzazi wangu. Kipa mwenyewe yuko hospitali, hajitambui. Akifumba macho tu, kila mtu atataka kitu chake. Utapata ya upasuaji, ya dawa, na itabaki. Ngoja kidogo."

Baba Mkubwa akangoja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, alikuwa anabandika redio sikioni kusikiliza habari za michezo. Mama Mkubwa alidhani ni mapenzi ya mpira. Mimi nilimtazama uso. Kipa asipotajwa, alikuwa anaizima redio na kuiweka chini taratibu, bila kututazama.

Siku moja wakatangaza kwamba kipa amefumbua macho, ameomba maji. Baba Mkubwa akasema, "Mungu mkubwa." Halafu akakaa juu ya rundo la mashuka ya wateja, yeye asiyeruhusu hata paka kuyakanyaga.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "nilikuwa nangoja mtu afe ili mtu apone. Umewahi kuona laana kama hiyo?"

Jioni ile Mama Mkubwa alimeza maji, yakamrudia puani. Baba Mkubwa akanituma kwa Miwani mbio: aje kesho, aichukue jezi ya chini ya kitanda kwa bei ile ile. Mama Mkubwa alisikia.

Kesho yake alitoka mapema kupeleka nguo za watu, mimi nikaenda kununua mkaa. Tuliporudi tulikutana mlangoni. Ndani, Mama Mkubwa alikuwa ameegemea meza ya kupigia pasi, jasho linamtiririka, anatabasamu. Mezani palikuwa na jezi ya njano inayong'aa, imepigwa pasi, mikono imekunjwa kama ya duka.

"Ulitaka kumpa mnunuzi nguo chafu, mzee?" Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Damu nimeitoa kwa maji baridi na chumvi. Kuna mtu alikuwa ameichorachora mgongoni, wino mgumu huo! Nimeutoa kwa spiriti. Na kiwiko nimekishona."

Baba Mkubwa aliigeuza jezi, akaitazama mgongoni. Akamshika mkono, akamlaza kitandani. "Umefanya kazi, mama," alisema.

Miwani alipofika aliigeuza jezi mbele na nyuma, akaigeuza ndani nje. Akamtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akaweka kidole mdomoni, akamvuta nje hadi kwenye kamba za kuanikia. Nilikuwa hapo naanua mashuka.

"Walau kidogo, kijana wangu. Chochote."

"Mzee, nitamwonyesha nani nini? Hii sasa ni jezi kama jezi zote." Aliikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. "Pole sana."

Baba Mkubwa alirudi ndani nayo mkononi.

"Mbona hakuichukua?" Mama Mkubwa aliuliza.

Aliiweka jezi juu ya meza. 

"Nimekataa mimi," alisema. "Bei ndogo. Nimeona tungoje."

Mama Mkubwa alijiinua kwa kiwiko. "Tungoje? Mimi simezi maji, wewe unangoja bei?"

"Tungoje kidogo, mama," alisema, akamwekea mkono begani.

"Kumbe hivyo ndivyo ulivyo." Akageukia ukutani. "Usinishike."

Baba Mkubwa akauondoa mkono.