Kifungo cha Pambo cha Fundi Suti

Asubuhi, kabla jua halijaingia barazani, Fundi Suti amekwisha kuketi nyuma ya cherehani yake. Mbele yake kuna kipande cha kitambaa cha buluu, ukubwa wake kama daftari la shule. Anapasua tundu la kifungo kwa wembe, analizungushia uzi, kisha anapitisha kifungo kulijaribu. Kinapita bila tabu. Fundi anakunja uso, anafumua uzi wote na kuanza upya.

"Limelegea," anasema pasipo kuinua macho. "Tundu likilegea, mtoto hajifunzi kitu. Kifungo kinajipitia tu kama mgeni asiyejua kubisha hodi."

Kipande hicho ni ukurasa wa kitabu cha kitambaa, kitabu kisicho na herufi hata moja. Ukurasa wa kwanza una kifungo kikubwa kama kifuniko cha chupa. Wa pili una kifungo cha koti. Wa tatu una zipu, na nyuma ya zipu amejificha samaki mwekundu. Wa nne una kiatu cha kufunga kamba, na wa mwisho una vifungo vitatu vidogo vya shati. Mtoto hufungua na kufunga, hufungua na kufunga, na katika mchezo huo vidole vyake hupata nguvu na utii.

Fundi hushona vitabu kama sita kwa juma, navyo huchukuliwa na vituo vya kulelea watoto. Suti, ambazo ndizo zilizompa jina, sasa hushona mbili au tatu tu kwa mwaka mzima, kwani wateja wake wa zamani wanavaa zilizoshonwa tayari.

Hata hivyo si uhaba wa suti uliomwingiza katika kazi hii. Kilichomwingiza ni kosa lake mwenyewe, naye halifichi.

Mjukuu wake wa kiume anakaribia kutimiza miaka mitano. Nyumbani wanamwita Sisimizi, kwa kuwa hatulii mahali pamoja. Tangu kuzaliwa mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Vidole hujikunja na kufunguka kwa shida. Mama yake, kitindamimba wa Fundi, hufanya kazi ya zamu kiwandani, hivyo mtoto hushinda kituoni na jioni hulelewa na babu na bibi.

Mwaka ujao wa masomo Sisimizi anatazamiwa kuanza darasa la awali. Shule ina sharti moja lisilo na mjadala: mtoto aweze kwenda msalani peke yake, afungue kaptula yake na kuifunga. Darasa lina watoto zaidi ya arobaini na mwalimu mmoja. Asiyeweza hungoja mwaka mwingine.

"Nilikuwa nikimwona anahangaika na kifungo, machozi yanamlengalenga," asimulia Fundi. "Moyo ukawa unanikatika. Nikasema, mimi fundi mzima, mjukuu wangu ashindwe na kifungo?"

Ndipo akafanya jambo ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya. Alimshonea mtoto kaptula tatu zenye kifungo kizuri kiunoni. Tundu lilizungushiwa uzi kwa ustadi lakini halikupasuliwa, na kifungo kilishonewa juu yake kama pambo. Chini yake, mahali pasipoonekana, Fundi aliweka kifungo cha kubonyeza, kinachoshika kwa kuguswa na kuachia kwa kuvutwa.

Kwa macho ya kila mtu, Sisimizi alikuwa ameweza. Walezi walimpigia makofi. Mama yake aliambiwa kwamba mwanawe yu tayari kwa shule.

Udanganyifu uliofanywa kwa mapenzi ni udanganyifu vilevile, na mwenye kuulipia huwa ni yule aliyependwa. Siku moja mtoto alimwagikiwa na maziwa kituoni, akavalishwa kaptula ya akiba yenye kifungo cha kweli. Alipokwenda msalani alivuta kiunoni kama alivyozoea. Hapakufunguka. Akavuta tena. Mlezi alimkuta amejibanza nyuma ya mlango, kaptula imelowa, wala hakutaka kutoka mpaka wenzake wote walipokwisha kuchukuliwa.

Jioni ile mlezi mkuu wa kituo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja barazani kwa Fundi. Alikuwa na moja ya zile kaptula tatu, akaigeuza ndani nje na kuilaza juu ya cherehani.

"Mzee wangu, hiki nini?"

"Kaptula."

"Kaptula naiona. Nauliza hiki hapa."

"Kifungo cha kubonyeza."

"Na hiki cha juu?"

"Hicho… pambo."

"Basi umempamba mtoto kwa uongo, mzee. Leo ameaibika mbele ya wenzake."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mke wa Fundi: "Mwambie, mwanangu! Mimi nikisema naambiwa sijui ushonaji."

Bibi alikuwa ameshauri mpira kiunoni tangu mwanzo. Mlezi hakuukataa, ila alisema mpira ungemfikisha mtoto msalani tu. Usingemsaidia kwa shati, kwa kiatu wala kwa penseli.

"Kifungo ni kazi ya mikono miwili," alieleza. "Mmoja unasukuma, mwingine unapokea, na macho yanasimamia. Ukimwondolea kazi hiyo, ule mkono wa kushoto utalala jumla."

Fundi hakulala vizuri usiku ule. Kesho yake alizifumua kaptula zote tatu, kisha akashona kitabu cha kwanza. Hata hapo moyo wake ulimsaliti, kwani kila tundu alilipasua pana kupita kiasi. Mlezi alikirudisha na ujumbe mfupi: "Mwambie babu bado anasaidia."

Cha pili kilikubaliwa. Baadaye vituo vingine vikakiona, vikaagiza.

Nyumbani sheria ikawekwa: Sisimizi akicheza na kitabu, babu haruhusiwi kugusa. Kwa kuwa Fundi alishindwa kuitii, Bibi alimtafutia dawa. Kila jioni humwekea bakuli la vitunguu saumu amenye.

"Mikono yake lazima ishikishwe kitu," asema Bibi. "Mzee huyu ukimwacha mikono mitupu, atakwenda kumtafunia mtoto chakula."

Jioni hii Sisimizi ameketi mkekani na kitabu chake. Kifungo kikubwa kinapita. Cha koti kinapita. Ili kufungua zipu anakikalia kitabu, na samaki anachomoza. Anapofika kwenye vifungo vidogo, mambo yanagoma. Anasukuma, kitambaa kinateleza. Anasukuma tena, kinateleza.

Mkono wa Fundi unatoka bakulini.

"Mkono huo!" Bibi anamaka.

Unarudi.

"Babu, usiniangalie," mtoto anasema. Babu anageukia ukuta na vitunguu vyake.

Mtoto anakivuta kitabu mpaka tumboni, anakikandamiza kwa ngumi ya kushoto kitambaa kisiteleze, na kwa mkono wa kulia anasukuma. Kifungo kinapita. Anarudia, cha pili kinapita. Cha tatu kinakataa katakata. Sisimizi anakitupa kitabu mpaka mlangoni na kufunika uso.

Hakuna anayekwenda kukiokota. Hatimaye mtoto mwenyewe anainuka, anakifuata, anarudi nacho mkekani na kuanza tena ukurasa wa kwanza.

"Mimi nilimfundisha kushika kwa vidole," Fundi ananong'ona. "Hilo la tumbo amelitoa wapi?"

Zimebaki wiki chache muhula uishe, na mlezi mkuu ndiye atakayeieleza shule kama mtoto anaweza. Amekwisha kutoa msimamo wake.

"Simsemei uongo," asema. "Akiweza, nitasema anaweza. Asipoweza, nitasema hawezi, na mzee asininunie."

"Nitanuna kidogo," Fundi anajibu.

Kaptula ya shule amekwisha kuishona. Ina kifungo kimoja, tundu lililopasuliwa kwa kipimo, na ndani hakuna kilichofichwa. Bibi ameigeuza mara mbili kuhakikisha.

"Iwe mwaka ujao au unaofuata, siku ya kwanza nitampeleka mwenyewe mpaka getini," asema Fundi. "Sitamfunga kitu. Shati likibaki wazi, libaki wazi. Atapita hivyohivyo, nami nitageuka nirudi nyumbani."

"Utaweza?" Bibi anamuuliza.

Fundi anamenya kitunguu kizima kabla ya kujibu.

"Najifunza," anasema.