Maji ya Kupozea Transfoma

Kazi yenyewe haikuwa na jina. Nyapara wa mgodi alipita kambini asubuhi akasema wanatakiwa wanawake wa kubeba maji, kila mmoja aje na debe lake na kata yake ya kichwani. Tulidhani ni maji ya kujengea nyumba mpya za makarani. Tulipofika tukapelekwa nyuma ya shimo kubwa, kwenye uzio wa waya wenye bango la fuvu la kichwa, na nyapara akanyoosha fimbo: "Maji ni ya ile."

Ile ilikuwa transfoma. Tangi la chuma la rangi ya kijivu, refu kunipita, lenye mbavu za bati pande zote, na juu yake vikombe vyeupe vya kauri vilivyoshika nyaya. Ilikuwa inanguruma. Tangu nihamie kambini nilikuwa nausikia mngurumo ule, nikidhani unatoka shimoni.

Kwanza zilikuwa mbili. Ya pili ilibaki pembeni, nyeusi, tumbo limepasuka, mafuta yake yamelowesha mchanga na kunuka kiasi cha kukutia kichefuchefu ukiwa hujala. Iliungua kabla hatujaitwa. Nyingine ilikuwa imeagizwa Ulaya, nayo ingekuja kwa meli, halafu treni hadi Mwanza, halafu kivuko na lori. Mpaka ifike, hii moja ilibidi ibebe mzigo wa zote mbili, na ndiyo maana ilikuwa inachemka.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa, na kiangazi kilikuwa kikali kuliko nilivyozoea kwetu. Mimi na mume wangu tulitoka upande wa Shinyanga, kijijini kwa wazazi wake, tukaja huku Geita baada ya pamba kukauka shambani. Hatukuwa na mtoto bado. Yeye alipata kazi chini ya ardhi, kwenye pampu. Mgodi ule ulikuwa na maji mengi. Yalitoka kwenye miamba usiku na mchana, na pampu isiposukuma, chini panajaa. Alikuwa akirudi nyumbani miguu imevimba na kuwa myeupe kama ya mtu aliyeshinda mtoni, anakula akiwa amefumba macho.

Aliyetupokea pale kwenye uzio alikuwa fundi wa umeme, Singasinga mzee mwenye kilemba kilichofifia na kikohozi kisichokwisha. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia, "Marahaba, mama," bila kuniangalia, macho yake yakiwa kwenye kipimo cha joto kilichobandikwa ubavuni mwa tangi. Kisha akatukusanya, akaonyesha vile vikombe vya juu.

"Hapa hapana gusa. Maji hapana rusha juu. Moja tone ikifika hapa, wewe kufa, mimi kufa, yote kufa."

Kwa hiyo hatukumwaga. Tuliloweka magunia kwenye maji, tukayatandaza kwenye mbavu za chini, yakikauka tunayavua na kuyaloweka tena. Gunia lilikauka haraka. Ungelitandaza likichuruzika, ukaenda kuchota debe jingine, ukirudi unakuta linatoa mvuke, na ukilishika linakuunguza vidole. Kisima kilikuwa ng'ambo ya kilima cha mawe yaliyotupwa. Tulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hata nikawa sisikii shingo yangu. Siku za mwanzo tuliimba. Baadaye hakuna aliyeimba, na hakuna aliyesema tuache.

Miongoni mwetu alikuwepo mjane mmoja wa Kizinza, mtu mzima kutupita sote, magoti yake mabovu. Tulimwita bibi. Nilijaribu kumwambia abaki kwenye magunia sisi tuchote, akakataa. "Nikikaa, mwanangu, watasema sifanyi kazi," akasema. Akawa anapanda kile kilima kwa upande, mguu mmoja kwanza, mwingine ukifuata, debe likimwagika mgongoni.

Siku moja, tukipumzika kwenye kivuli cha kibanda cha fundi, nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Nyaya zilizoingia kwenye transfoma zilikuwa nyembamba, unene wa kijiti cha ufagio. Zilizotoka kwenda kwenye mashine zilikuwa nene kama mkono wangu. Nikamuuliza, umeme huu umeongezeka wapi humo ndani?

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, nami nayaandika maneno yake kwa namna nilivyoyaelewa. Alisema haujaongezeka kitu. Nguvu inayoingia ndiyo inayotoka, ila kidogo inabaki humo ndani kama joto. Kutoka kwenye mitambo ya kuzalisha mpaka hapa ni mbali, kwa hiyo wanausafirisha ukiwa na msukumo mkubwa sana na mkondo mdogo, na mkondo mdogo unapita kwenye waya mwembamba bila kuuchosha. Ukifika hapa, transfoma inaushusha msukumo, maana mashine hazitaki msukumo mkubwa namna ile. Msukumo ukishuka, mkondo lazima upande, ili nguvu ibaki ileile. Na mkondo mkubwa unataka waya mnene.

"Sasa kinachoichemsha ni nini?" nikauliza.

"Mkondo, mama. Mashine nyingi zikidai, mkondo unakuwa mwingi, na waya wa ndani unapata moto. Na joto halipandi sawa na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne."

Niliyarudia maneno hayo kichwani. Mara mbili, mara nne. Wakati ule nilidhani ni mashine peke yake zinazobebeshwa mzigo hivyo.

Akanitajia mashine zinazolishwa na transfoma ile: mashine ya hewa ya kutobolea miamba, kinu kipya cha kuvunjia mawe, na pampu. Aliposema pampu nikamwambia mume wangu yuko huko. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Yule mrefu?" akauliza. Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kipimo chake.

Siku mambo yalipoharibika, kisima kilikuwa kimebaki tope. Ilibidi tuchote kwenye bwawa la mbali zaidi, maji ya rangi ya chai. Jua lilikuwa utosini na hapakuwa na upepo. Kipimo kilikuwa na alama nyekundu, na nilikuwa nimezoea kuuona mshale ukiikaribia alasiri kisha ukirudi nyuma. Siku hiyo uliifikia mapema, ukaipita. Mngurumo ulibadilika, ukawa mzito, na harufu ile ya mafuta niliyoijua kwenye transfoma iliyokufa ikaanza kusikika kwenye hii iliyo hai.

Fundi aliingia kibandani akapiga simu. Aliongea Kiingereza, sikuelewa, lakini nilimsikia akiinua sauti halafu akiishusha, halafu akaweka simu chini. Alipotoka alisimama mlangoni.

"Nimemwambia bwana mkubwa tuzime kinu," akasema. "Amekataa. Anasema tuzime pampu."

"Na watu walio chini?"

"Anasema maji yanapanda polepole. Watu watapanda."

Akatoa amri kengele ya hatari ipigwe shimoni, kisha akaingia kwenye chumba cha swichi. Nilisikia chuma kikigonga chuma. Mngurumo ukapungua, na mshale ukasimama pale ulipokuwa, bila kupanda wala kushuka.

Winchi ya kupandishia watu ilikuwa na injini yake, haikutegemea umeme ule. Wanaume walianza kutoka, kundi baada ya kundi, wakipepesa macho. Niliacha debe nikakimbilia mdomo wa shimo, nikawatazama usoni mmoja mmoja. Winchi iliposimama, mume wangu hakuwemo. Nikamshika mkono mmoja wao.

"Yuko wapi mtu wa pampu?"

"Amebaki na mwenzake," akasema. "Wameambiwa wainyanyue kwa mnyororo mota ya akiba iliyo sakafuni; ile inayoendesha pampu iko juu ya jukwaa. Ikifunikwa na maji imekwisha."

"Maji yamefika wapi?"

Akagusa chini ya goti, akaondoka.

Nilirudi kwenye uzio kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo mikono yangu ingefaa kitu. Nilimwambia fundi waliobaki ni nani. Aliniambia, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba hawezi kuiwasha pampu sasa hivi. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka inakula mkondo mwingi kupita inavyokula ikishazoea mwendo. Akiiwasha wakati transfoma iko nyekundu, itapasuka kama ile nyingine, na hapo hakuna pampu tena mpaka meli ije.

"Ushusheni mshale," akasema. "Mkiushusha chini ya nyekundu, nitaiwasha. Sitamuuliza mtu."

Basi tukachota. Wanawake wale hawakuwa na waume kwenye pampu, lakini hakuna aliyeniambia hiyo ni shida yangu. Tuliacha kutembea, tukawa tunakimbia hivyo hivyo, mwendo wa mtu aliyechoka anayejilazimisha. Bibi alianguka kwenye mteremko, debe likabingirika, goti likachanika. Nilimwinua. Akanisukuma. "Usinishike mimi, shika debe," akasema, akajiburuta hadi kwenye uzio, akakaa chini akawa anapokea magunia makavu na kuyaloweka.

Sijui tulichukua muda gani. Kivuli cha kibanda kilikuwa kimeufikia uzio ndipo mshale uliposogea. Fundi alikuwa ameweka uso wake karibu na kipimo kama anayesoma Kurani au Biblia, vitabu ambavyo si vyake. Mshale ukatoka kwenye nyekundu. Ukasogea tena kidogo. Akaingia chumba cha swichi, na nikasikia kinu cha mawe kikinyamaza. Kisha transfoma ikatoa sauti nzito, kama mtu anayenyanyua gunia la pamba, taa ya kibandani ikafifia, ikarudi. Pampu ilikuwa imeshika. Alingoja mpaka sauti ilipotulia ndipo akakiwasha kinu.

Karani alikuja mbio kuuliza kwa nini kinu kimesimama.

"Swichi iliruka," fundi akasema.

"Iliruka yenyewe?"

"Joto," fundi akasema, akaanza kukohoa. Karani akarudi alikotoka.

Mume wangu alitoka shimoni magharibi ikikaribia, akibebwa na mwenzake. Ile mota ya akiba walikuwa wameifikisha nusu ya kimo, mnyororo ukateleza, ikambana nyonga kwenye ukuta. Alisimama majini akiwa amebanwa, maji yakimfika kiunoni, mpaka alipoyasikia yanaanza kupungua. Aliponiona alitaka kucheka.

"Mwenzangu, umelowa kuliko mimi," akasema.

Kwenye hospitali ya kambi walimfunga bandeji, wakampa dawa ya maumivu na siku chache za kulala. Mfupa haukukaa sawasawa. Aliporudi kazini walimweka getini, afungue na kufunga, lakini kusimama kutwa kulimshinda, na wakati wa mvua za mwanzo akaambiwa hahitajiki.

Transfoma mpya ilifika katika mvua hizohizo, juu ya lori lililosukumwa na watu kwenye matope. Siku hiyo nyapara alituambia tusije kesho. Tukachukua madebe yetu. Bibi alirudi kwao ziwani. Fundi nilimkuta amelala kwenye kiti kibandani, mdomo wazi, transfoma mbili zikinguruma nyuma yake bila joto la kutisha. Sikumwamsha.

Tulirudi Shinyanga tukiwa na mizigo miwili tu, yote kichwani kwangu. Mama mkwe alitupokea, nikapiga goti nikamwamkia, akamtazama mwanawe alivyokuwa akitembea, akageuka kuchochea moto ili tusimwone uso. Msimu ule nililima pamba peke yangu. Mume wangu aliletewa katani akawa anasokota kamba za ng'ombe mlangoni, mguu ameunyoosha, na watu wakaja kuzinunua kwa sababu zilikuwa nzuri.

Jioni moja nilirudi kutoka kuchuma, nikatua kapu, nikabaki nimesimama uani. Nilikuwa nimesahau nilichotaka kufanya.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Nimechoka."

Akasogeza kamba zake, akanipa nafasi kwenye ngozi aliyokalia. "Basi kaa," akasema. "Ugali nitasonga mimi."

Nikakaa. Aliusonga akiwa amekaa chini, sufuria kati ya miguu yake, mwiko ukimshinda. Ukatoka na mabonge. Tukaula hivyo hivyo.