Mtungi wa Kwenda Dar es Salaam

Mama yangu anafinyanga mitungi ya maji kule Chinongwe. Mimi, niliyehamia Ruangwa mjini, ndiye ninayeipiga picha na kuitangaza mtandaoni. Wateja wanapatikana. Shida ni kuwafikishia mzigo.

Masika yaliyopita aliniandikia mwanamke mmoja wa Dar es Salaam. Hata bei hakuuliza. Alisema mama yake, mzaliwa wa huku kwetu, yuko kitandani, chakula hakipiti, na maji ya friji akipewa anageuza uso. Anataka maji ya mtungini. "Dada, nifanyie haraka," aliandika.

Mama alikuwa na mtungi mmoja uliokwisha kuchomwa. Niliuzungushia vipande vya godoro, nikautia kwenye ndoo kubwa, nikaandika pande zote kwa kalamu nene: CHA KUVUNJIKA. Utingo wa basi aliupokea kwa mikono miwili, nikamwona mtu mwenye adabu. Lakini kabla buti halijafungwa nikaona mwenzake anaubamizia gunia juu yake. Nikapiga kelele. Injini ilikuwa imeshawashwa, nani angenisikia?

Kesho yake ikaja picha ya vigae. Chini yake yule mteja ameandika: "Pole, dada. Naomba mwingine."

Nikaenda kuulizia ofisi ya vifurushi. Karani akaniuliza, "Ni udongo?"

"Ndiyo, mtungi."

"Tunapokea, ila unasaini hapa. Ukivunjika ni juu yako."

"Na ukifika, mtampelekea nyumbani?"

"Anaufuata mwenyewe ofisini."

Asingeweza. Alikuwa peke yake na mgonjwa.

Na mtungi wenyewe haukuwapo. Mama alianza kufinyanga mwingine siku ileile, lakini mvua haikutupa nafasi. Udongo usipokauka, ukiuchoma unapasuka. Nikabaki naye Chinongwe, tukauweka jikoni karibu na mafiga, tukawa tunaugusa asubuhi na jioni, bado mbichi. Huku ujumbe unaingia: "Ameuliza tena." Siku nyingine: "Leo amekunywa vijiko viwili tu." Nilijibu kwamba haujakauka, haujakauka, mpaka nikaona aibu kuandika maneno yaleyale. Nikawa naiacha simu ndani na kutoka nje.

Ulipochomwa ukapoa, niliupakata kwenye bodaboda mpaka Nachingwea, maana nilisikia kuna lori lililoleta soda linarudi Dar na kreti tupu. Dereva alikuwa mtu mzima, mpole. Aliugonga mtungi kwa kidole, akausikiliza.

"Wa biashara huu?"

Nikamweleza habari za mgonjwa.

"Basi hautapanda nyuma," akasema. "Utakaa na mimi hapa mbele." Akaufunga mkanda wa kiti.

Barabara ilikuwa imekatika kwa maji, magari yamelala foleni. Nilimpigia dereva siku nzima, hapatikani. Siku ya pili vilevile. Ya tatu, nikiwa sokoni, ukaingia ujumbe wa yule mteja: "Umefika mzima, dada. Dereva ameuleta mpaka mlangoni. Mama tumemzika jana."

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Niliandika pole, nikaifuta, nikaiandika tena. Mwisho nikaituma hivyohivyo, neno moja.

Jumamosi nikaenda Chinongwe. Mama alikuwa anaponda udongo. Bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa Kimwera kama mtungi ulifika.

"Ulifika mzima, mama."

"Amekunywa?"

Nikasema amekunywa. Sijui kwa nini nilisema vile, labda kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Akatabasamu, akaendelea kuponda. Kisha akasimama kidogo, akataka kujua yule mama alisema nini alipoyaonja maji.

Nikamwambia ngoja kwanza nikachote maji kisimani.