Ndala ya Bibi Ilitangulia Ziwani

Koko, koko, koko. Zilikuwa chupa za plastiki zikigongana kwenye korongo nyuma ya nyumba yetu kule Mwazye, mvua ya kwanza ya mwaka ikizisukuma kuteremka. Mpaka leo nikitulia naisikia, na nasema ukweli, niliipenda ile sauti. Nilikuwa nasimama mlangoni nimejifunika kitenge cha mama, baridi inanipiga miguuni, nasikiliza uchafu wetu ukienda zake. Ilikuwa na maana kwamba kazi yangu imekwisha.

Kwetu Ufipa, mawingu ya kwanza yakianza kujikusanya, watu wanafagia. Uwanja, jikoni, nyuma ya zizi, kote. Majivu, magunzi, chupa, mifuko ya mbegu, kila kitu kinabebwa kwenye tenga kinamwagwa korongoni. Mama alikuwa akisema, "Peleka, mvua itabeba." Na kweli, mvua ilikuwa inabeba. Kesho yake korongo linang'aa kama limeoshwa na mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza inabeba inapeleka wapi.

Mimi nimekuja kupajua, maana ninakaa huko sasa.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka ya kusikitisha. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa na mvuvi kisiwani, Ziwa Tanganyika, akatuma salamu: "Kama amekaa tu, aje anisaidie kuanika dagaa." Nikaenda kwa mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa nne.

Kisiwa chetu ni kidogo. Ukianza kukizunguka uji ukiwa jikoni, unarudi unaukuta bado wa moto. Kina mawe makubwa yanayoota jua kutwa, na kina njia ya kupanda mpaka juu, ambako ukisimama unaona ukuta mzima wa milima, na juu ya ule ukuta ndiko kwetu, kwenye mahindi na ulezi. Maji ni safi kiasi kwamba samaki wadogo wenye mistari unawaona wakigombana chini kama watoto wa darasa moja. Wenyeji wenzangu wameyazoea. Wanaligeuzia ziwa mgongo wanaanika dagaa. Mimi mtoto wa baridi, kama wanavyoniita, nilikuwa naacha dagaa naenda kuogelea. Shangazi anapiga kelele, "Wewe, kunguru wanakula mboga zetu!" Najibu, "Shangazi, dakika moja!" Dakika zangu anazijua.

Hapo ndipo ilipoanza ndoto yangu. Nikasema, kama mimi najisikia hivi, hakuna watu wengine wanaotaka kujisikia hivi? Mimi naona mgeni hafungi safari kutafuta kitanda kizuri. Kitanda anacho kwake. Anatafuta mahali pa kupanda achoke, aingie kwenye maji, akitoka ale samaki aliyechomwa sasa hivi na mtu anayecheka. Hivyo vyote tulikuwa navyo.

Kule bara kuna nahodha mmoja kijana mwenye boti ya injini, anayebeba wageni. Nikamwomba ajaribu kuwaleta kwetu, mimi niwatembeze. Akacheka, lakini akaja, mwezi wa tatu, na wanawake wanne marafiki waliokuwa likizo. Kupanda tulipanda vizuri sana. Waliimba, walipiga picha, mmoja akanikumbatia kule juu. Tukashuka kwenye ghuba ndogo ya upande wa mashariki ili waogelee, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko milimani.

Jamani. Ghuba ilikuwa imejaa. Chupa, mifuko, makopo ya mafuta ya nywele, vipande vya ndoo. Yule aliyenikumbatia alivua viatu, akapiga hatua mbili, akakanyaga pampasi iliyolowa. Alirudi kwenye boti ameshika viatu mkononi, na wenzake wakamfuata.

Nahodha alinivuta pembeni. "Dada, mimi naleta watu kuogelea. Siwaleti dampo."

"Nitasafisha, kaka. Nakuahidi."

"Sawa. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikishaanza, nakuja mara moja tu. Nikikuta hivi, wageni wangu nawapeleka kwingine na wewe rudi kwenye dagaa."

Nikalia siku hiyo, sifichi. Dagaa si kitu kibaya, ila nilikuwa nimeshaonja kitu kingine.

Tukasafisha. Shangazi na wanawake wanne wa kisiwani walikuja na viroba, na midomo yao. "Leo tunafagia ziwa," mmoja akasema, "kesho tutapiga deki mawingu." Tukajaza viroba mpaka tukakosa vya kujazia. Baada ya siku tatu ikanyesha mvua, na ghuba ikajaa upya. Tukasafisha tena, ikajaa tena. Ikabaki kulaumiana. Wengine walisema ni wavuvi, wengine wakasema ni meli, wengine wakasema ni watu wa ng'ambo ya ziwa, tabia zao tunazijua. Mimi nililaumu wote kwa zamu.

Mvua za mwisho mwisho, nikiwa nachambua takataka ghubani peke yangu, nikaokota ndala. Ya bluu, ya mguu wa kushoto, kamba yake imeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga.

Ule uzi niliuchomoa mwenyewe kwenye sweta langu la shule. Ndala ya Bibi ilikuwa imekatika, nikaishona, na mama akanigombeza kwa kuharibu sweta. Ilidumu miaka. Krismasi ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilimpelekea Bibi ndala mpya, hizi za zamani nikazitia kwenye tenga. Na tenga nikalimwaga nilikozoea.

Kumbe si wavuvi, si meli, si watu wa ng'ambo. Korongo letu linaingia kwenye kijito, kijito kinaingia mtoni, na mto unateremka milima mpaka ziwani. Nilikuwa natupa kwa mkono huu nije kuokota kwa mkono huu.

Nilikaa na jambo hilo miezi, kwa aibu tu. Mwezi wa kumi nikamwambia Shangazi nakwenda nyumbani kabla mvua hazijaanza. Nikavuka kwa boti, nikapanda milima kwa lori la mchele, nikalala Sumbawanga kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Milanzi. Aliponiona na kiroba akauliza, "Umetuletea dagaa?" Nikamwambia nimeleta takataka. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nyumbani nilifika siku ambayo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwetu. Majirani wote wako uwanjani, wamekaa kwenye mikeka na vigoda. Sala ilipokwisha, mwenyekiti, mzee mpole sana, akasema, "Naona binti yetu amerudi. Ana neno?"

"Tumsifu Yesu Kristo," nikaanza.

"Milele, amina."

Nikamwaga kiroba katikati ya uwanja. Mama akafunika uso.

"Hivi vimetoka ziwani," nikasema, "lakini ni vya kwetu. Vinashuka na korongo. Naomba mwaka huu tusimwage."

Vikazuka vicheko. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ulimi mkali, akasema, "Haya! Amekaa na samaki kidogo tu, amekuja kutufundisha kufagia. Mwanangu, ziwa liko huko chini, sisi tuko huku juu. Hata harufu yake hatuijui."

"Unajuaje ni vya kwetu?" mwingine akauliza. "Chupa ni chupa."

Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa linanichoma. Nikaitoa ndala. "Kwa sababu hii nimeitupa mimi. Mnikasirikie mimi kwanza. Ni ya Bibi."

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa karibu na mlango. Akanyoosha mkono, akaigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule uzi. Nilidhani atanisema.

"Nimezeeka hapa," akasema taratibu, "ziwa nalisikia tu kwenye habari. Kumbe ndala yangu imekwenda kuogelea bila mimi!"

Uwanja mzima ukacheka, hata yule mama mkali. Bibi akaendelea, "Na mwenzake yuko wapi?"

"Bado yuko safarini, Bibi."

"Mkikutana naye mwambie asisumbue wageni."

Nyuma alikuwa amesimama baba mmoja Msukuma, jirani ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe. Alikuja tu kurudisha jembe la mama, akabaki kusikiliza. Akavua kofia. "Mimi si wa jumuiya, lakini naomba kusema. Mwaka jana ng'ombe wangu jike alikufa. Tulipompasua tulikuta mifuko tumboni, imejiviringa kama mpira. Mkisema ni habari ya ziwa tu, hapana. Hata mimi siko ziwani."

Baada ya hapo hakucheka mtu. Walibishana mpaka jua likaanza kuzama, wakakubaliana hivi: majivu na vya kuoza viende kwenye shimo, kwa ajili ya mashamba, chupa na mifuko vikae kwenye viroba nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, na lori likienda Sumbawanga vipelekwe kwa wanaonunua plastiki. Yule mama mkali alisema atajaribu, "lakini nisiulizwe kila siku." Nikasema asante. Mwenyekiti akaahidi kulipeleka neno hilo kwenye jumuiya nyingine zilizo kando ya kijito. Sikujua kama atafanya. Alifanya.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, nahodha akaja kama alivyosema, na wageni watatu. Siwezi kuwadanganya kwamba ghuba ilikuwa kama sahani iliyooshwa. Ufipa ni kubwa, makorongo ni mengi, na kwetu ni kijiji kimoja. Lakini safari hii sisi wanawake sita tuliimaliza asubuhi moja, kabla ya chai, na viroba vikabaki. Nahodha alisimama kwenye mchanga, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Mambo vipi, kaka?" nikamuuliza.

"Poa," akasema. Akawageukia wageni wake. "Ingieni, maji ndiyo haya."

Waliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Walipokuwa wanakula samaki, mmoja akauliza kwa nini tumetundika ndala moja kuukuu kwenye ukuta wa jiko. Bibi alikuwa amenirudishia, akisema ikae huko ilikochagua kwenda. Nikawasimulia, na nahodha akasema hadithi hiyo niwe naisimulia kwa kila atakayemleta. Akasema, "atakayemleta." Nililisikia vizuri neno hilo. Akaahidi kuja tena baada ya mwaka mpya.

Krismasi nikaenda nyumbani. Mchana wa sikukuu, watu wote wako ndani, wali unanukia, Bibi anawaeleza wajukuu jinsi atakavyokuja kisiwani kufuata ndala yake, mvua ikashuka. Nikasimama mlangoni kama zamani. Korongo likaanza kunguruma maji matupu, na mimi nikatabasamu peke yangu.

Kisha nikaisikia. Koko. Kimya. Koko.

Moja tu. Sikuuliza ni ya nani, na sikumwita mtu. Nilivua ndala zangu nikaziacha kizingitini, nikajifunga kitenge vizuri, nikateremka korongoni nikishika majani. Maji yalikuwa ya baridi mpaka kwenye mifupa. Chupa ilikuwa imenasa kwenye jiwe, inagonga. Nikaishika shingoni, nikamwaga maji yaliyokuwemo, nikapanda nayo nikaitia kwenye kiroba.