Papa Gamaliel Aliyefua Makala

Katika mtaa wao kule Butembo, watu walimjua Papa Gamaliel kwa sauti kabla ya sura. Siku za kazi aliuza magodoro sokoni, na siku ya Mungu alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa, katika fanfare ya kanisa. Alikuwa mwanaume wa tumbo kubwa na moyo mwepesi, ila hakuweza kutupa kitu. Mswaki uliokwisha meno ulisafisha tuba. Mwavuli uliovunjika ulifunika nyanya. Mke wake, Abigaïl, aliyeitwa Mama Joyeuse kwa jina la mtoto wao, alikwisha kumwambia kwamba siku atakapokufa watashindwa kumtoa ndani, kwa wingi wa vitu mlangoni.

Sasa, shemeji yake Gamaliel, Abdias wa Beni, aliwatumia filtre, chujio la maji: bidon mbili, yaani madumu, zilizopandana, na katikati yake kopo lenye charbon actif, yaani makala, makaa meusi ya punjepunje yanayovuta harufu na ladha mbaya. Maji yao yalikuwa na harufu ya misumari ya zamani. Filtre ilipofika, harufu ile ikaondoka, na Gamaliel akawa anawakaribisha wapita njia waje kuonja. Halafu, baada ya miezi kadhaa, misumari ikarudi.

"Makala imechoka," akasema Abigaïl. "Tuombe Abdias atume ingine."

"Na hii tuitupe? Mama Joyeuse, shati ikichafuka unaitupa?"

"Mais makala hapana shati!"

"Kila kitu chenye kuchafuka kinafuliwa," akasema Gamaliel, na akaenda kutafuta basani.

Aliyamwaga makala ndani ya basani, akatia sabuni ya unga yenye harufu ya maua, akakunja mikono ya shati na kuanza kufikicha huku akiimba. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Akasuuza, akasuuza tena, mkono ukachoka, akayarudisha kwenye kopo akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa roho. Hakujua kwamba makala yale, kwa kuwa kazi yake ni kuvuta, yalikuwa yamevuta na sabuni pia, na sasa yataitoa polepole, kikombe kwa kikombe.

Mchana ule ule kulikuwa na kikao cha maombi nyumbani kwao. Pasta Phinées, ambaye maombi yake yalijulikana kwa urefu, alifika na kiu ya kupanda mlima. Abigaïl akamsogezea maji. Akayanywa yote, akaomba mengine, akasimama, akafumba macho.

"Ee Bwana, sisi batoto bako tumekuja mbele ya—"

Kwikwi ikamkata. Pamoja na kwikwi kikatoka kiputo cha povu, kizuri, cha mviringo, kikakaa kwenye mdomo wake wa chini, kikatetemeka, kikapasuka. Mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakicheza.

"Mbele ya uso wako," akaendelea Pasta, na kiputo kingine kikatoka, hiki kikaruka kabisa. Watoto wakakifuata kwa macho mpaka dirishani.

"Amina," akasema Pasta. Haikuwahi kutokea aombe kwa ufupi namna ile, na watu wote wakaitikia kwa nguvu. Kisha akauliza kwa upole, "Mama Joyeuse, hii maji iko na parfum?"

Abigaïl akamtazama mume wake. Mume wake akatazama dari.

Solange, infirmière aliyeuguza wagonjwa wa mtaa, naye alikuwa pale. Akanusa kikombe. "Papa Gamaliel, ulifua charbon na sabuni?"

"Kidogo tu. Ya maua."

"Papa! Hii kitu inakunywa kila harufu yenye inakuta. Umeipatia sabuni, imekunywa sabuni. Na javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, vilevile hapana kutia. Hii haifai tena kwa maji ya kunywa."

"Donc niitupe?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kama mgonjwa atapona.

Solange akamhurumia. "Unaweza kuitumia kwa harufu ya viatu ao ya kabati. Isuuze na maji ya moto mpaka maji itoke safi, kisha uianike kwa jua. Hapana kuikausha juu ya babula ya jikoni, itashika moto, ni makala tu. Na ikikauka usiichezee-chezee, vumbi yake ni mbaya kwa kifua. Ya kunywa, weka mupya, na uisuuze na maji safi kabla ya kuanza. Na bado utachemsha maji, kwa sababu charbon inaondoa harufu, mais haiui microbe, vile vijidudu."

Kesho yake Gamaliel akafanya yote kama alivyoambiwa. Akayaanika makala juu ya shuka katikati ya parcelle, uwanja wa nyumba yao, jua likiwaka vizuri, akaingia ndani kupiga tuba.

Jirani yao, Papa Kitsa, alikuwa na jogoo mweupe aliyeitwa Directeur. Directeur alipenda kuoga vumbi, na hakuwahi kuona vumbi zuri namna ile. Akajilaza, akajigeuza, akajipigapiga mabawa, akatoka mweusi kama sufuria ya sikukuu. Akarudi kwake. Kitsa akaona jogoo mgeni kati ya kuku zake, akamfukuza kwa fagio. Kisha akahesabu kuku zake, akakimbia kwa Gamaliel.

"Directeur yangu iko wapi?"

"Sijaona jogoo mweupe, jirani. Naona tu hii nyeusi, imeingia hapa sasa hivi. Ni yako?"

"Yangu? Yangu ni mweupe kama fufu ya muhogo! Hii nimeifukuza, nilifikiri ni yenu."

"Sisi hatuna jogoo."

Wakamzunguka yule ndege. Abigaïl, mwenye akili ya haraka, akasema, "Kama haina mwenyewe, mimi naweka maji kwa moto."

Kitsa akafikiri. Huzuni ilikuwepo, lakini njaa pia. "Mama Joyeuse, mimi utaniachia paja."

Maji yakawa vuguvugu, Abigaïl akamshika ndege mabawa, na palepale jogoo akawika. Akawika nusu, akakatika, kama radio ambayo pile, betri zake, zimekwisha. Butembo nzima ilikuwa na jogoo mmoja tu wa namna hiyo.

"Directeur?" akasema Kitsa kwa sauti ndogo.

Directeur akajitikisa. Wingu jeusi likapanda. Lilipotulia, walisimama pale watu watatu weusi wa uso, wakipiga chafya, na jogoo mmoja wa madoadoa.

"Nyamuhanga, Mungu wangu!" akalia Kitsa. "Nilitaka kumukula paja!"

Walimwogesha kwa maji yale yale ya vuguvugu. Akabaki wa kijivu kwa muda mrefu, na majike yakamkataa kama mgeni. Kitsa alinuna, mpaka Gamaliel alipomletea vipande vya godoro vya kutandika kwa kuku, ndipo wakaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kukawa kazi ya wiki nzima.

Makala yale yakasuuzwa upya, yakaanikwa chini ya chandarua, yakashonwa katika vifuko na kuingizwa ndani ya viatu vya wapiga fanfare. Chumba chao cha répétition, cha mazoezi, kikaanza kuvumilika.

Charbon mpya ilipofika kutoka Beni, Gamaliel aliisuuza kwa maji safi tu, bila wimbo. Maji yakapita, yakachemshwa, yakapoa. Akaonja. Hayakuwa na ladha yoyote.

"Mama Joyeuse," akasema, macho yakimlengalenga, "onja! Hapana kitu!"

Akanywa tena kwa furaha, na tena, kila siku, na siku ya Mungu alishindwa kupiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho, kwa kuwa kila mara alimwachia mwenzake wa pembeni tuba, akatoka mbio nyuma ya kanisa kuyapunguza yale maji.