Nilimfungia mama mkwe antena, akaisifu Alhamisi tatu bila kusikia kitu

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Aibu ipo, lakini humu tuko wengi tunaojitia mafundi.

Naishi Bofu, Likoni, ua mmoja na mama mkwe wangu. Miguu imemkatalia, hatoki chumbani. Mwanawe wa mwisho, shemeji yangu, husomesha darsa ya dini kila Alhamisi baada ya alasiri kwenye stesheni ndogo ya FM upande wa Kwale. Mtandaoni haipo.

Bi mkubwa alikuwa hajamsikia hata mara moja. Redio yake ilikuwa ikishika mchakacho tu.

Nikajitolea kumtengenezea antena aina ya dipole. Ni nyaya mbili za shaba kwenye ufito mmoja, waya mmoja huku, mwingine kule, na katikati kebo ya kwenda redioni. Kila waya kama sentimita sabini na tano, kwa sababu zote mbili pamoja zinatakiwa ziwe nusu ya urefu wa wimbi la stesheni unayoitaka.

(Mwanzo nilitaka kufunga waya mrefu wa kuanikia nguo, nikidhani mrefu ndio unavuta zaidi. Hapo angalau nilisoma kabla ya kukata.)

Nikapanda paani, nikaelekeza ncha ya ufito Kwale barabara, kama mtu anayeonyesha njia. Nikashuka kifua mbele.

Sasa nyie wa bara mtanicheka. Kwetu mimi siingii chumbani kwa mama mkwe. Tunazungumza pazia likiwa katikati. So ile redio sikuisikia kwa masikio yangu.

Darsa ilipokwisha nikamuuliza, "Mama, yuwasikika?"

"Yuwasikika vyema, mwanangu. Mungu akuweke."

Alhamisi tatu nikauliza, tatu nikajibiwa hivyo. Nikaanza na kuwaringia majirani.

Ya nne mke wangu hakwenda kazini, akaingia kuketi na mamake. Haukupita muda akatoka machozi yakimlengalenga.

"Mama yuwasikiliza mchakacho mtupu, redio ameiweka mapajani. Nimemuuliza mbona hasemi. Asema umejisumbua kupanda paa kwa ajili yake, hawezi kukuvunja moyo."

Wakuu, niliumia sana. Mama wa watu kukaa na kelele saa nzima, wiki baada ya wiki, kwa kunionea haya mimi.

Nikafungua simu palepale, nikasoma vizuri. Kumbe dipole haisikii kwa ncha zake. Husikia kwa ubavu, pande zote mbili, na nchani ni kiziwi kabisa. Mimi nilikuwa nimeipa Kwale ule upande usiosikia.

Nikapanda tena, darsa bado inaendelea. Mke wangu akasimama mlangoni kwa mamake. Nikawa nauzungusha ufito pole pole, yeye ananiambia, "Bado. Bado. Hapo hapo, usiiguse."

Sauti ya shemeji niliisikia nikiwa juu ya mabati. Bi mkubwa akasema, "Huyu mtoto yuna mafua. Akimaliza mpigieni simu, mwambieni anywe tangawizi."

Hapo nilijua kweli amesikia.

Nilichojifunza: antena yako ipimwe na mtu asiyekuonea haya. Kama hayupo, tafuta njia uisikie mwenyewe.

Wazoefu wa Pwani, pale kebo inapoungana na shaba mnafunika na nini? Chumvi ya huku inakula kila kitu.

Na wengine mniambie, nyumbani kwenu ni nani anayewajibu "vyema" kwa kuwahurumia tu? Mimi nimeanza kuuliza mara mbili.